Ukienda Lushoto, Usiende Mbio

Msomaji, ukitaka kuuharibu mji mzuri wa milimani, njia ni rahisi sana: fika usiku, lala siku moja, uondoke asubuhi. Sisi tulifanya hivyo hivyo Desemba 2014. Tulikuwa tumekodi gari pamoja na dereva hapa Nairobi, na dereva huyo akatuchelewesha saa tatu kabla hata hatujatoka nyumbani. Pale Namanga ikagunduliwa kwamba kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya mtoto wetu wa pili imebaki kabatini South B, na hapo tukapoteza muda mwingine tele. Kufika Mombo, saa mbili na nusu za usiku. Mvua ikaanza pale pale tulipoanza kupanda. Kitinda mimba wetu akatapika ndani ya kofia ya babu yake, na babu mwenyewe, ambaye ni baba yangu mzazi, akanyamaza kimya tangu kona ya kwanza hadi ya mwisho. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata hatukuona upande wa pili wa barabara. Saa nne dereva akatuambia kuwa ana abiria wengine wanaomngoja Arusha. Tukashuka.

Tulipofika Soni, katikati ya mteremko, baba aligeuza shingo akaitazama njia inayoingia milimani upande wa Bumbuli. Akasema neno moja tu: "Basi." Hakusema jingine mpaka Moshi.

Nitaeleza baadaye kwa nini njia ile ilikuwa na maana kwake. Kwanza nikueleze Lushoto ni wapi na inaendewaje, maana tulirudi huko Agosti 2018, tukiwa tumejifunza kwa kuumia, na safari hiyo ya pili ndiyo ninayotaka uige.

Lushoto ni mji mdogo ulioko katika milima ya Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga, nchini Tanzania. Uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mkaazi wa Nairobi atacheka na kusema kwetu ni juu zaidi, na kweli ni juu zaidi. Lakini ngoja jua lizame. Mji umekaa ndani ya bonde, milima imeuzunguka kama watu waliouzunguka moto, na ubaridi hushuka kutoka msituni ukakukuta na shati lako la mikono mifupi. Mwezi wa sita hadi wa nane ndio wa baridi kali. Masika huanza Machi hadi Mei na njia za vijijini huwa utelezi mtupu. Vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba. Sisi tulipata mvua ya Desemba, na makosa yalikuwa yetu wala si ya mvua. Likizo ya Agosti inafaa, mradi kila mtoto awe na sweta mbili na soksi za kulalia.

Njia za kufika

Kwa mtu wa Nairobi, barabara ni Namanga, Arusha, Moshi, Same hadi Mombo. Kwa mtu wa Mombasa, ni Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga, Muheza, Segera, Korogwe na Mombo. Kutoka Tanga hadi Mombo ni kama kilomita 130. Iko pia njia ya tatu ambayo watu wengi huisahau, ya Voi, Taveta na Holili hadi Moshi, na hiyo inawafaa sana wale wa Taita au wanaotaka kugawanya safari. Zote tatu ni lami.

Ushauri wangu kwa wa Nairobi: usijaribu kufika kwa siku moja ukiwa na watoto au wazee. Lala Moshi. Kesho yake ondoka baada ya kunywa chai, na uifurahie barabara. Kutoka Moshi hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 200, milima ya Pare ikiwa mkono wako wa kushoto na tambarare kavu mkono wa kulia, kisha Usambara yenyewe inaibuka kama ukuta. Ukiendesha gari lako mwenyewe, angalia vibao vya kilomita 50 kwa saa kila unapoingia kijijini. Askari wa barabarani wa Tanzania hawana mchezo na mwendo, na kusema kwamba wewe ni mgeni hakutakusaidia.

Karatasi ziandae wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Kila mtu na pasipoti yake, watoto nao. Kila mtu na kadi yake ya homa ya manjano. Mwenye gari abebe kitabu cha gari na bima inayokubalika ng'ambo ya mpaka. Na ukipakia nyumbani, acha mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, kama sisi tulivyofanya mwaka 2017. Kikapu cha nyanya yako ndicho bora.

Mombo ni mji wa joto na vumbi, na ndipo unapoiacha barabara kuu. Hapo mabasi yanayotoka Arusha, Tanga na Dar es Salaam huwashusha abiria, na magari madogo huwapokea kuwapandisha juu. Kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za kuheshimiwa. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, imebana, ina kona zisizohesabika, na chini yako maji yanaporomoka kwenye korongo. Mwenye tumbo jepesi akae mbele, asisome, asitazame simu. Tangawizi husaidia, kwetu ilisaidia safari ya pili. Panda mchana, msomaji. Nasema tena, panda mchana. Utaona migomba, maporomoko ya Soni, na nyumba zilizoning'inia mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Usiku utaona taa za lori linalokuja tu.

Mji wenyewe

Sasa, usitarajie makubwa. Mji wa Lushoto ukiutembea haraka unaumaliza kwa saa moja. Barabara kuu imepandwa miti mikubwa, kuna kanisa la zamani, misikiti, soko, ofisi za serikali, benki, maduka ya nguo na mafundi cherehani wakiwa barazani. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Walikimbia malaria na joto la pwani, wakaja kujenga makao milimani, na baadhi ya majengo yao bado yanatumika. Mwaka 1916 Waingereza wakawaondoa. Leo mji huo una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako makarani na wanasheria wa Tanzania husomea, kwa hiyo usishangae ukiwakuta vijana wenye tai wakila chipsi mayai kando ya wakulima wenye jembe begani.

Siku za soko ni Alhamisi na Jumapili. Panga safari yako ili upate angalau mojawapo. Akina mama hushuka kutoka vijijini alfajiri na matenga kichwani: kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, maharage, na matunda ambayo mtoto wa Nairobi ameyaona kwenye picha za pakiti ya maji ya matunda tu, kama vile peasi na plamu. Plamu hujaa mwishoni mwa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya. Mboga nyingi unazozila Dar es Salaam na Tanga hupanda lori hapa.

Mahali pa kulala pako pa kila mfuko. Ziko hoteli zenye bustani na moto wa kuni sebuleni, na ziko gesti za kawaida mjini, safi na za bei nafuu. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: maji ya moto yapo, hata kama ni ya ndoo? Na blanketi ni mangapi kitandani? Moja halitoshi. Benki zipo mjini, lakini vijijini hakuna wa kukubadilishia pesa, na noti kubwa huleta usumbufu. Beba noti ndogo ndogo za Tanzania.

Katika chakula, makande yatakufanya ujione nyumbani, maana ni githeri yetu kwa jina jingine. Chai usipotaja itakuja ya rangi. Ukitaka ya maziwa, sema.

Na hapo kwenye kusema ndipo Mkenya hujiaibisha. Sisi tumezoea kuingia hotelini na kutangaza, "Nipe chai, leta chapati mbili." Kule maneno hayo huanguka kama jiwe. Sema "Naomba chai." Msalimu kwanza aliye nyuma ya meza, umuulize habari za asubuhi, usubiri jibu. Mtu mzima mpe shikamoo, na watoto wako wafundishe kabla hamjavuka mpaka, kwa sababu watoto wa kule watawaamkia ninyi njia nzima na wenu wasimame wakikodoa macho. Wangu walifanya zoezi la shikamoo na marahaba tangu Kajiado hadi Longido, wakicheka. Walipofika juu hawakucheka tena, maana kila shikamoo ilikuwa ikiwaletea peasi. Ukiongeza neno la Kisambaa, mathalani "Onga maundo" asubuhi, utaona uso wa mtu ukifunguka. Mavazi nayo yawe ya heshima. Huu ni mji wa waumini, Waislamu na Wakristo, na kaptula fupi si vazi la sokoni.

Kutembea

Lushoto ni mji wa miguu. Aliyekwenda huko akakaa ndani ya gari amejinyima.

Anza na Irente. Kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka, kupitia mashamba na vijiji. Mzee au mwenye magoti mabovu akodi gari. Njiani liko shamba la Irente, linaloendeshwa na Kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza mkate, jibini na jemu, na ukiagiza mapema utaandaliwa chakula cha mchana ukile bustanini. Kisha njia inafika ukingoni, na ardhi inakatika. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Umesimama juu ya mwamba, na chini yako, karibu mita elfu moja, ni tambarare ya Mazinde na Umasaini hadi macho yanachoka. Washike watoto mikono, hapo hapachezewi.

Tazama vizuri huko chini. Mistari ile iliyonyooka ni mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa nchi hiyo mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo michache yakatokea mashamba yaliyoutajirisha mkoa wa Tanga na kuwaleta vibarua kutoka pembe zote. Utaona pia barabara kuu, na reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwanafunzi wa historia asisimame hapo bila kukumbuka kwamba mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalitoka kwetu, yakapita Taveta, yakaifuata reli hiyo hiyo kuwasukuma Wajerumani. Nyuma ya askari walikuwa wachukuzi, maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliobebeshwa chakula na risasi, wengi wao wakafa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakor pale Nairobi limetokana na kikosi chao. Watoto wangu wamenunua vikapu Kariakor mara nyingi. Siku ile ndipo walipouliza jina hilo maana yake nini.

Siku ya pili nenda Magamba. Ni msitu wa hifadhi kaskazini mwa mji, na vilele vyake hupita mita 2,000. Humo kuna miti ya mkulo, ambayo jina lake la kitaalamu limebeba neno Usambara, nayo ndiyo ile tuiitayo muthaiti kwetu katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Kuna mbega weusi wenye mikia myeupe, wanaoruka mitini kama mtu aliyevaa joho. Kuna vinyonga wenye pembe puani wanaopatikana katika milima hii. Kuingia msituni kuna ada, na ada ya raia wa Afrika Mashariki si sawa na ya mgeni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho chako na udai risiti.

Usiingie msituni wala usizunguke vijiji vya mbali bila mwongozaji. Si kwa sababu ya hatari, bali kwa sababu njia ni mia na zote zinafanana. Mjini viko vikundi vya waongozaji wenye ofisi na vitambulisho. Kijana atakayekufuata kituo cha basi akidai ni mwongozaji, mshukuru na uende ofisini. Mkubaliane bei kabla ya kuondoka: ni ya siku au ya mtu? Chakula kimo? Ada ya kijiji imo? Mume wangu aliyaandika hayo yote kwenye daftari mbele ya mwongozaji wetu, nikaona haya kidogo, lakini jioni hapakuwa na mabishano.

Mwenye siku nyingi aende Mtae, kijiji kilichoko ukingoni kabisa upande wa kaskazini. Chini yake ni mbuga ya Mkomazi, iliyopakana na Tsavo Magharibi yetu. Lakini mabasi ya huko aghalabu hutoka Mtae usiku wa manane kuja Lushoto na kurudi mchana, kwa hiyo ni safari ya kulala. Njiani utaona jinsi watu walivyolima miteremko hadi kileleni. Waingereza walijaribu kuwalazimisha wakulima wa eneo la Mlalo kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu, hasa akina mama, wakayakataa katakata, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Muulize mzee yeyote habari za matuta, kisha utafute mahali pa kukaa, maana jibu ni refu.

Vuga

Sasa nirudi kwa baba.

Baba yangu alifundisha Kiswahili kwa miaka 31. Katika kabati lake kuna kitabu kimoja ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa na mikono yenye mafuta: Habari za Wakilindi, kilichochapwa hapa Nairobi mwaka 1962. Mwandishi wake ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewafahamu Wakilindi siku za mwisho za ufalme wao. Kinaeleza jinsi Mbega, mwindaji kutoka nchi ya Nguu, alivyozaliwa na meno ya juu yakatangulia, dalili ya kisirani, akafukuzwa kwao, akatangatanga na mbwa wake hadi Usambara. Aliwapa Wasambaa nyama ya nguruwe mwitu, wao wakampa chakula cha shambani. Akawaulia simba. Wakamfanya mfalme, na wanawe wakatawala kutoka mji wa Vuga kwa vizazi kadhaa. Kimweri ye Nyumbai, mkubwa wao, mamlaka yake yalifika hadi pwani. Mmisionari Krapf alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akaenda kumwona huko Vuga mwaka 1848. (Na ndiyo, yule kima wa msituni na yule mfalme wana jina moja. Mwanangu aliniuliza nani alimwigia mwenzake. Sikuwa na jibu.)

Kwa miaka 31 baba aliwasimulia wanafunzi habari za Vuga, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Ndiyo sababu ya lile "Basi" lake pale Soni. Alikuwa na miaka 74, na nadhani alijiambia kwamba nafasi imepita.

Agosti 2018 tulitenga usiku nne. Siku ya tatu tulikodi gari pamoja na mwongozaji, tukashuka hadi Soni, tukaifuata ile njia ya kuingia milimani. Nakuonya wewe unayetaka kwenda: usitafute jumba la kifalme. Mji ule ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi, na nyasi hazingoji watalii. Vuga ya leo ni kijiji. Kuna shule, kuna makanisa na misikiti, kuna migomba, kuna watoto wanaocheza mpira wa makaratasi. Mume wangu alitazama huku na huku, akaninong'oneza, "Ndiyo hii?"

Lakini mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye akili. Alitupeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya nyumba yake akichambua maharage. Tukaamkia, tukakaribishwa, vikaletwa viti. Kufika kwa mzee kama huyo hakuna tikiti, msomaji, ila kuna adabu yake. Tulikuwa na sukari na majani ya chai ndani ya kikapu, kama ambavyo ungefanya ukienda kwa mjomba wako kijijini, na hatukutoa simu kupiga picha mpaka tulipoambiwa tunaweza.

Baba akatoa kitabu. Akakifungua, akaanza kusoma polepole jinsi Mbega alivyoingia nchi hiyo. Mzee akasikiliza kwa heshima, akichambua maharage. Baada ya ukurasa mmoja akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "huyo aliyeandika alikuwa mtu wa pwani. Atazijuaje njia za kwetu?"

Hapo ndipo yalipoanza. Mzee akaeleza moshi ulivyoonekana mlimani, watu wakaenda kuuliza ni nani anayewasha moto pale, wakakuta nyama. Baba akafungua ukurasa mwingine. Mzee akakanusha. Baba akakubali jambo moja akakataa mawili. Ikaletwa ndizi ya kuchoma. Akaja jirani mwenye mkongojo, naye akawa na njia yake ya tatu, tofauti na ya kitabu na ya mzee. Kisha mzee akasimama, akamshika baba mkono, wakaenda polepole hadi mahali penye migomba minene, akamwonyesha kwa fimbo: hapa, na pale, na hadi kule kwenye mti. Sikusikia walichoambiana. Nilimwona tu baba akivua kofia.

Tulikuwa tumepanga saa moja. Tulikaa saa nne na nusu. Watoto walicheza mpira na wenzao, wakapigwa mabao ambayo hawataki niyataje. Maporomoko ya Soni tuliyoahidi kuyashukia mchana hatukuyaona ila kwa mbali, gizani giza. Kwa hiyo unapoandika ratiba yako, nakusihi, acha siku moja bila kitu. Usiijaze.

Wakati wa kuaga, mzee aliomba jambo moja. Wajukuu wake wanasoma sekondari, na angependa wamsomee kitabu hicho chote, ili ajue ni wapi hasa pengine pamekosewa. Mimi nilitazama chini, maana najua baba alivyo na kitabu kile. Mwaka 1989 dada yangu alinyimwa hata kukipeleka shuleni. Baba alikigeuza mikononi mara mbili, akampa.

"Nitakifuata," akasema.

Basi la kwanza la kushuka huondoka Lushoto alfajiri, na tiketi ni vizuri ukate jana yake, ukiomba kiti cha mbele kwa ajili ya mwenye tumbo jepesi. Kitabu bado kiko Vuga. Baba amekwisha kufanyiwa pasipoti mpya, na juzi alinipigia simu kuniuliza shule zinafunga tarehe ngapi.